Mashindano ya mwaliko: makundi au mtoano?

Mkaaji wa Kamalondo:
Ndugu zangu wa Lubumbashi, wa komini zetu zote (sehemu za mji), Kamalondo, Katuba, Kampemba, Kenya na Ruashi, naleta mbele yenu jambo ambalo limetugawanya tangu wiki iliyopita. Wenye meza mbili kubwa za snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira kwenye matundu ya meza kwa fimbo, hapa kwetu wameandaa mashindano ya mwaliko ya wachezaji 16, na wameamua kwamba hakutakuwa na mtoano tangu raundi ya kwanza, bali makundi manne ya watu wanne wanne, kila mmoja akicheza na wenzake watatu, kisha wa kwanza wa kila kundi aingie nusu fainali. Wanasema wamefuata mfano wa Championship League ya Uingereza, ile ambayo wengi wetu tunaifuatilia kwenye simu. Kwa asiyeifahamu, ni mashindano ya mwaliko ya wachezaji wa kulipwa yaliyoanza mwaka 2008. Wachezaji saba wanaunda kundi la kwanza, kila mmoja anakutana na wenzake wote sita, wanne wa juu wanacheza nusu fainali na fainali ya kundi, na mshindi anakwenda kuwangoja wengine katika kundi la washindi. Wawili wa mwisho wanarudi nyumbani. Wanne waliobaki wanahamia kundi la pili, ambako wanaongezewa wageni watatu, na hivyo hivyo mpaka kundi la saba.

Mimi nasema waandaaji wamefanya vema. Mtu aliyejiandaa kwa miezi hapaswi kufungashwa virago kwa sababu mpira mmoja umegonga mdomo wa tundu ukarudi. Najua wenzetu wa Katuba watapendelea mtoano, kwa kuwa wamezoea kumaliza mambo kwa jetoni moja (kile kidude cha kulipia mchezo mmoja), na uvumilivu wa siku mbili si jambo walilojifunza. Lakini haki ni haki. Nawaomba maoni yenu.

Kijana wa Katuba:
Yaya wa Kamalondo, mkubwa wangu, nimesoma maelezo yako yote kuhusu makundi na sina ugomvi nayo, ila nimesimama kwenye hilo neno la uvumilivu na siwezi kulivuka. Mimi nimejifunza kwenye meza ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na mpira ukiuacha katikati unaanza kutembea wenyewe, polepole, kuelekea tundu la kona ya kushoto. Ukitaka kuingiza mpira upande wa kulia, ni lazima uupige juu kidogo ya shabaha yako, uuache ukwee, kisha uanguke. Hilo halifundishwi kwa siku mbili. Kitambaa kimeshonwa mara tatu kwa uzi mweusi, na kila mshono tunaujua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake usiku umeme unapokatika. Sasa wewe uliyejifunzia penye kitambaa kipya na taa sita juu ya meza unaniambia kwamba sikujifunza uvumilivu? Naomba uliondoe neno hilo, kisha tuzungumze habari ya makundi.

Mwalimu wa Kampemba:
Vijana wangu, tusiliache swali likatoroka. Naomba mtazame hesabu ya hiyo Championship League yenyewe, kwa maana naona inasifiwa kwa haki ambayo haimo ndani yake. Kundi la kwanza lina watu saba, na kila kundi linalofuata linaongezewa watatu, kwa hiyo jumla ni wachezaji 25. Aliyeanza katika kundi la kwanza akashindwa bila kuwa miongoni mwa wawili wa mwisho, anaingia la pili, akishindwa tena anaingia la tatu, na anaweza kuendelea hivyo mpaka la saba. Amefunguliwa milango saba. Aliyealikwa kuingia katika kundi la saba amefunguliwa mlango mmoja, na akiukosa safari imekwisha, kwa sababu hakuna kundi la nane la kumpokea. Mtaniambia kwamba hawa wawili wamepewa haki sawa?

Haki inayozungumzwa ni ya kupewa nafasi ya pili, nami naikubali kwamba ni kitu chema. Lakini mpango huo unaigawa nafasi ya pili kwa vipimo visivyolingana, mmoja kwa ndoo na mwingine kwa kijiko. Makundi manne ya watu wanne ya hapa kwetu, ambapo kila mtu ana mechi tatu, ni ya haki kuliko hayo ya Uingereza yaliyoigwa, na nashangaa kwamba waandaaji hawajisifu kwa hilo.

Mzee wa Kenya:
Mimi ni mtu wa mtoano, na sababu yangu mnaijua wote. Mwezi wa Desemba mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe, timu yetu ya soka, ilipambana na Internacional ya Brazil katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, mechi moja tu, na ikashinda 2 kwa 0. Kabangu alifunga, Kaluyituka akafunga, na kipa wetu Kidiaba akashangilia kwa kuruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Hebu fikirini kama wale Wabrazili wangepewa mechi nyingine tatu za kujirekebisha. Mtoano ndio unaomruhusu mdogo kumwangusha mkubwa, na ukiuondoa umeuondoa moyo wa mashindano. Makundi yanamlinda aliyekwisha kuwa bora. Kama sikosei, hata hiyo ligi mnayoisema, mshindi wake wa kwanza kabisa alikuwa Judd Trump, yaani bingwa mkubwa, si mtu wa kawaida.

Mkaaji wa Kamalondo:
Mzee wangu, shikamoo, na uniruhusu kukusahihisha kwa heshima. Mshindi wa kwanza, mwaka 2008, alikuwa Joe Perry. Trump alishinda mwaka 2009, na wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawa bingwa wa lolote kubwa, kwa hiyo mfano wako unasimama upande wangu. Mwaka 2020 alishinda Scott Donaldson wa Scotland, ambaye wengi hapa hawalijui jina lake. Ni kweli kwamba John Higgins ameishinda ligi hiyo mara nne, mwaka 2017, 2018, 2022 na 2023, lakini huo si ulinzi wa mtu, ni ubora wa mtu.

Kuhusu Mazembe, nami nililia siku ile. Lakini mwaka huohuo Mazembe ilifika Abu Dhabi kwa kupitia Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ambamo ilipangwa kundi moja na Espérance ya Tunis, kisha zikakutana tena katika fainali, na hapa hapa Lubumbashi tukawafunga 5 kwa 0. Makundi ndiyo yaliyotupeleka kwenye hiyo fainali, Mzee.

Mama wa Ruashi:
Nawasikiliza na naona wote mnamtetea mchezaji, hakuna anayemtetea mtazamaji ambaye amefunga duka lake ili aje kuangalia. Tatizo la makundi si nani anayelindwa. Tatizo ni mechi ya mwisho ya mtu ambaye hana tena cha kutafuta, au ya watu wawili ambao matokeo fulani yanawafaa wote.

Mwaka 1982, katika Kombe la Dunia, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2 kwa 1, na ikamaliza mechi zake za kundi siku moja kabla ya wengine. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua kwamba Ujerumani ikishinda 1 kwa 0 wote wawili wanapita na Algeria inatoka. Wajerumani wakapata bao mapema, kisha wakapasiana mpira mpaka kipenga cha mwisho. Ndiyo maana baadaye ikaamuliwa kwamba mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja.

Sasa niwaambie nililoliona kwa macho yangu, katika mashindano madogo ya mtaa ambayo sitayataja. Mechi ya mwisho ya kundi, umebaki mpira mweusi tu, umekaa kwenye mdomo wa tundu la kona, hata mtoto angeuingiza kwa mkono wa kushoto. Yule bwana alipaka chaki kwenye fimbo yake kwa muda mrefu, akainama, akainuka, akapaka tena. Halafu akaupiga mpira mweupe ukapita pembeni ya mweusi bila kuugusa. Hakushangaa, wala hakutazama nyuma. Mpinzani wake pia hakushangaa. Mimi niliyekuwa nimelipa kiingilio ndiye niliyeshangaa. Mtueleze mtazuiaje hilo, kabla ya kutueleza habari za haki.

Mkaaji wa Kamalondo:
Mama, umesema jambo zito na sina jibu kamili. Kule Uingereza wanalipa kwa kila fremu, yaani kila mchezo mmoja ndani ya mechi, ambayo mchezaji anaishinda, siyo kwa nafasi anayomaliza nayo tu, kwa hiyo hata aliyekwisha kutolewa bado anaitafuta fremu yake kwa sababu ina fedha ndani yake. Hiyo ni dawa mojawapo. Hapa kwetu fungu la zawadi ni dogo, lakini hata faranga chache kwa kila fremu zingemfanya mtu autazame vizuri huo mpira mweusi.

Kijana wa Katuba:
Yaya, umemjibu Mzee, umemjibu Mama, na mimi bado nangoja. Lakini maadamu tumefika hapa, nauliza swali ambalo linaniuma kuliko lile neno. Hayo mashindano ni ya mwaliko. Nani aliyeandika majina 16? Mnabishana kama mtu akishindwa apewe nafasi ya pili, na wapo watu katika mji huu ambao hawakupewa hata ya kwanza. Nimeambiwa kwamba kutoka Katuba amealikwa mmoja, kutoka Ruashi hakuna hata mmoja, na kutoka Kamalondo ni saba. Saba, ndugu zangu! Kwa hesabu hiyo, makundi yapangwe vyovyote vile, lazima mtakutana wenyewe kwa wenyewe.

Mama wa Ruashi:
Kumbe Ruashi hatumo kabisa? Hilo sikulijua nilipokuwa naandika. Basi mimi nimetoka katika mjadala wa makundi na nimeingia katika huu wa Kijana.

Mkaaji wa Kamalondo:
Tusichanganye mambo. Mashindano ya mwaliko kwa asili yake yana mwenye kualika. The Masters ya London, iliyoanza mwaka 1975, ni ya mwaliko pia, na hakuna anayelalamika.

Mwalimu wa Kampemba:
Mwanangu, hapo umeteleza. The Masters inaita wachezaji 16 wa juu katika orodha ya ubora ya dunia, na kila mtu anaweza kuisoma orodha hiyo na kujua kwa nini yeye hayumo. Huo ni mwaliko wenye rula. Wa kwetu umeandikwa na watu wawili waliokaa mezani jioni moja wakikumbuka majina ya rafiki zao, na sisemi kwamba walikuwa na nia mbaya, nasema kwamba mtu hukumbuka kwanza wale anaowaona kila siku.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme jingine kwa Mzee wa Kenya. Si mtoano unaomwangusha mkubwa, ni ufupi wa mechi. Fainali ya dunia ya snuka ya mwaka 1985 ilikuwa ya mtoano, lakini ilichezwa kwa fremu 35. Dennis Taylor aliachwa nyuma fremu 8 kwa 0 na Steve Davis, na bado akapata muda wa kurudi, akashinda 18 kwa 17 kwa mpira mweusi wa mwisho. Katika mechi ya fremu tatu asingefika hata kwenye kiti chake. Kwa meza mbili na siku mbili hatuwezi kucheza fremu 35, na ndiyo sababu makundi yanatufaa: mechi fupi tatu ni kama mechi moja ndefu iliyokatwa vipande. Mechi za makundi manne ni 24, ukiongeza nusu fainali mbili na fainali zinakuwa 27. Kwa meza mbili inawezekana. Tena, kwa kuwa kila kundi linamaliza kwa mechi mbili, na meza ni mbili, mechi hizo zianze pamoja, nalo lile la Gijón alilolileta Mama litapungua sana.

Mzee wa Kenya:
Mwalimu, nimekuelewa kuhusu urefu, lakini moyo wangu haujahama. Anayejua kwamba ana mechi nyingine kesho hapigi kama anayejua kwamba hana. Nimeshika fimbo tangu nikiwa kijana, na ule mkono unaotetemeka kwenye mpira wa mwisho, wakati hakuna kesho, ndio niliokuja kuutazama. Na kuhusu orodha, Kijana ana haki. Hata mimi nimeona majina mawili ya watu ambao hawajashika fimbo tangu mwaka jana.

Mkaaji wa Kamalondo:
Nimekwenda leo asubuhi kuzungumza na waandaaji. Wamekubali mechi mbili za mwisho za kila kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Kuhusu malipo ya kila fremu watafikiri. Kuhusu orodha, wamesema nafasi nne zitachezewa siku ya Ijumaa na yeyote atakayejiandikisha, kutoka komini yoyote, na hiyo siku ya Ijumaa itakuwa ya mtoano, Mzee, fremu moja moja. Nafasi hizo nne zimetolewa kwa kupunguza majina ya Kamalondo kutoka saba hadi matatu, na mimi ni mmoja wa walioondolewa, kwa hiyo nami nitajiandikisha Ijumaa.

Mama wa Ruashi:
Nitaleta vijana wawili. Na daftari la matokeo nitalishika mimi mwenyewe.

Kijana wa Katuba:
Nimejiandikisha. Nakushukuru, Yaya, kwa kwenda kuongea nao, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Neno la uvumilivu bado hujaliondoa.