Naomba ushauri: watoto wangu wa raga ya tagi wanarusha mpira mbele

Habari zenu wadau. Nafundisha shule ya msingi na nimekabidhiwa timu ya raga ya tagi, wavulana na wasichana pamoja, kwa ajili ya mashindano baina ya shule. Sheria si ngumu: kila mchezaji anavaa mkanda wenye vitambaa viwili kiunoni, hakuna kuangushana wala kupiga mpira teke, pasi ni ya pembeni au nyuma tu, na ukichomolewa kitambaa unatakiwa kumpa mwenzako mpira upesi.

Kazi iko kwenye pasi. Wengi wamezoea soka na netiboli, kwa hiyo wakibanwa kidogo tu mpira unarushwa mbele na filimbi inalia. Halafu kuna binti mmoja ana mbio balaa. Akishika mpira wenzake wanasimama kumtazama. Naye akikimbia anafunika vitambaa kwa kiwiko, kosa hilo, na nikimkumbusha anatii dakika moja tu.

Kuna mazoezi gani mepesi ya kuwazoesha wengine kumfuata mwenye mpira kwa nyuma, tayari kupokea? Nimefikiria kuweka sharti kwamba bao halihesabiki mpaka watoto watatu wawe wamegusa mpira, ila nahofia nitamvunja moyo huyo mwenye kasi.

Pia, wale wazito wa kukimbia niwapange wapi? Kuwaweka benchi sitaki, hata tukifungwa. Mliowahi kufundisha umri huu, nisaidieni.