GOLLIWOG ya billy woods, mnaisikilizaje hii albamu?

Wakuu habari. Nina wiki nzima na GOLLIWOG ya billy woods, yule rapa wa Marekani, ile iliyotoka Mei 2025, naombeni msaada. Mi ni mtu wa mistari, napenda rapa anayenifanya nirudishe nyuma nisikie tena, ila huyu kaniacha njiani kabisa. Ngoma 18, viitikio vya kutafuta na tochi, anaanza na jambo hili anaibukia kwingine, afu kuna hiyo Waterproof Mascara, kwenye biti kuna mwanamke analia, yaani analia kweli, nikazima katikati. Hivi ndo ushairi wenyewe au anatutesa tu?

mpenda_vina:
Mkuu kuzima sio kosa, ile ngoma imetengenezwa ikuumize. Anza na jina kwanza. Golliwog ni yule mdoli mweusi tii mwenye midomo mikubwa na nywele timtim, alitokea kwenye kitabu cha watoto cha Uingereza mwaka 1895 na watoto wa Kizungu wakakua wanamkumbatia kitandani. Kwao mdoli tu, mtoto mweusi akimwangalia anaona anachekwa yeye. Sasa woods kasimulia kwamba akiwa na miaka 9 aliandika hadithi ya golliwog mwovu, mama yake ambaye ni profesa wa fasihi akaisoma akamwambia bado, inahitaji kazi. Hii albamu ndo hiyo kazi, miaka yote hiyo baadaye! Ndo maana inakaa kama hadithi ya kutisha, ila zimwi lake haliishi msituni. Chukua Lead Paint Test, hilo jina ni kipimo cha rangi ya ukuta yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, Marekani waliipiga marufuku majumbani 1978 lakini nyumba za zamani bado zinayo ukutani na watoto wanadhurika nayo. Nyumba yenye sumu ndani ya kuta zake, we unataka jini gani tena hapo.

kurasa_na_biti:
Naongezea hapo. Wengi tukisikia "mimi" kwenye rap tunajua ni rapa anajisema, huyu anaandika kama mtunzi wa hadithi, "mimi" wake anaweza kuwa mtu yeyote. Rudi albamu yake Aethiopes ya 2022, mwanzoni tu msimulizi anahisi jirani yake ni Mengistu Haile Mariam, yule dikteta wa zamani wa Ethiopia. Mengistu alikimbilia Zimbabwe 1991, na woods kweli utoto wake mwingi ulikuwa Zimbabwe, baba yake alikuwa msomi wa Kimarx wa huko, ila baba alifariki 1989 wakarudi Marekani. Piga hesabu ya miaka, huyo anayemshuku jirani hawezi kuwa yeye, ni mtu kamtunga kutokana na mtaa anaoujua. Kwa hiyo kila ngoma jiulize nani anaongea na kasimama wapi. Hata hiyo ya kilio, mi naisikia kama mtoto anamwona mama yake analia na hana la kufanya.

sauti_ya_chini:
Yote sawa ila mnamtwisha mgeni mzigo mzito. Aanze na albamu yake Maps ya 2023, biti zote za prodyuza mmoja, Kenny Segal, kwa hiyo masikio yanatulia, ni safari za shoo, ndege, hoteli, mpaka anarudi nyumbani kwa mwanae. GOLLIWOG ina maprodyuza kibao, The Alchemist yumo, El-P yumo, kila mlango una chumba chake.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu. Maps nitaifikia, ila nimeshindwa kusubiri nimerudia Waterproof Mascara na leo nimefika mwisho. Mara ya kwanza nilikuwa namsikiliza mwanamke, sikuwa nimemwona mtoto kabisa. Sasa naingia Lead Paint Test, maneno nimeyaweka mbele yangu, na kila anayeingia nataka nijue ni nani.