Bwawa la juu ya kijiji: tulikaushe au tulitunze?

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili kabla masika hayajaanza, maana yakishaanza hatutazungumza, tutakimbia.

Swali ni hili: mabwawa madogo ya udongo yaliyo juu ya vijiji vyetu, huku Kenya, kaunti za Nakuru, Laikipia, Uasin Gishu na Trans Nzoia, yakaushwe au yabaki? Chifu wetu aliita baraza kwa ajili ya bwawa moja tu. Tulikaa tangu saa nne hadi saa nane mchana, tukatoka bila neno moja tuliloafikiana. Nayaleta hapa kwa sababu najua si kwetu pekee.

Bwawa lenyewe lilichimbwa na mlowezi kabla ya uhuru, ng'ombe wake wapate kunywa. Alipoondoka, shamba lilinunuliwa na kampuni ya wananchi, wanachama wakagawiwa ekari zao, na bwawa likaandikwa kuwa mali ya wote. Tangu hapo halina mwenyewe. Tuta lake, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji, ni refu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Ukishuka dakika kumi kwa miguu unakuta nyumba, kanisa na shule ya msingi. Mlowezi alipokuwa akijenga, huko chini palikuwa malisho matupu.

Wanaotaka likaushwe walianza na Solai, na hakuna aliyethubutu kuwakatiza. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua, bwawa la shamba moja la watu binafsi hapo Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka na maji yakawashukia watu wakiwa majumbani. Serikali ilipofungua kesi, mashtaka ya kuua bila kukusudia yalikuwa 48, kila shtaka na marehemu wake. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Baba mmoja barazani, aliyekwenda kusaidia kutafuta miili, alisema tangu siku ile akisikia mvua ya usiku haondoi viatu. Hofu ya mtu kama huyo huwezi kuijibu kwa kumwambia maji ni uhai.

Kisha likatajwa jambo la Mai Mahiu, mji mwingine wa kaunti ya Nakuru. Hapo naomba tuwe makini, maana jambo hili linasimuliwa vibaya hadi leo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yalibomoka kutoka juu na kuzoa nyumba, yakaua watu zaidi ya 40. Habari za kwanza zilisema ni bwawa la zamani la Kijabe lililopasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya kupitisha maji kuziba kwa magogo, mawe na tope. Siku chache baadaye serikali iliamuru waishio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, katika kaunti 33, wahame ndani ya saa 24. Amri ile iliwatoa watu, lakini mvua ilipokatika wakarudi, na matuta yakabaki vilevile.

Mimi Mai Mahiu inanifundisha jambo moja. Tuta la reli lile halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote ya mabwawa. Kilichofanya liwe bwawa ni kuziba. Kwa hiyo ukikausha bwawa ukaacha tuta limesimama bila kulikata hadi chini na kulijengea njia ya maji, bado una bwawa, ila sasa ni bwawa lisilo na mtu wa kuliangalia.

Upande wa pili alisimama mama mmoja mzee, akaongea dakika tatu. Alikumbusha ule ukame ambao mvua ziligoma misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. "Mto ulikauka, kisima cha shule kikakauka, bwawa likabaki na maji ya kufika magotini. Magoti yale ndiyo yaliyotunywesha. Leo mnataka kulimwaga, mwaka ule ukirudi mtatupeleka wapi?" Wafugaji wakamshangilia. Na ni kweli. Mtungi wa lita 20 wakati ule uliletwa na bodaboda kwa bei ambayo mtu wa kibarua hawezi kuimudu kila siku, na aliyekuwa na punda alikuwa tajiri.

Sasa niwaonyeshe nilichokiona mwenyewe, kwa kuwa baada ya baraza nilipanda juu na vijana wawili.

Bwawa la udongo huwa na mkondo wa pembeni, uliochimbwa kwenye ardhi ngumu mwishoni mwa tuta, ili maji yakizidi yatokee hapo yasipande juu ya tuta lenyewe. Huo mkondo ndio usalama wote. Udongo uliopangwa ukashindiliwa unaweza kuzuia maji miaka mia, lakini yakishapita juu yake saa chache tu yanaukata kama kisu kwenye siagi. Mkondo wa kwetu tuliukuta hivi: katikati umepandwa nepia, majani ya kulisha ng'ombe, tena imestawi vizuri. Mdomoni kuna wavu wa waya uliowekwa na wavuvi ili kambare wasitoroke, na wavu umeshika matawi, chupa za plastiki na mzoga wa mbuzi. Mbele ya wavu kuna magunia ya mchanga, safu mbili, yamepangwa kwa ustadi.

Magunia yale nayajua. Niliyabeba mimi na wenzangu, mwishoni mwa ukame. Mvua ya kwanza ilipokuja tulitaka kila tone libaki, tukaziba mkondo ili bwawa lijae nusu mita zaidi. Hakuna aliyetukataza, wala sisi hatukumwuliza mtu. Tulijiona tumefanya jambo la maana. Nusu mita ile tuliichukua kutoka kwenye nafasi iliyoachwa kati ya maji na kilele cha tuta, nafasi iliyowekwa kwa ajili ya usiku kama ule wa Solai. Kuanzia hapo watoto wa shule ya chini wamekuwa wakilala chini ya kazi ya mikono yetu, nami sikuwaza hivyo hata siku moja hadi nilipoyaona yale magunia tena.

Juu ya tuta kuna mikaratusi mikubwa. Wengine wanasema mizizi yake inashika udongo. Mzizi ukiwa hai unashika, lakini mti ukifa au ukikatwa mizizi inaoza, na kila mzizi uliooza ni bomba tupu ndani ya tuta. Kuna pia shimo la mhanga upande wa chini, mkono wangu uliingia wote hadi begani. Na chini kabisa, mguuni mwa tuta, panavuja. Tulikinga kwa kopo la bati: maji ni safi, meupe. Hiyo ni nafuu kidogo, kwa sababu maji ya kuvuja yakianza kutoka na rangi ya udongo, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, na siku hiyo watu wa chini wasisubiri baraza wala chifu.

Basi msimamo wangu ni huu, na nitaujibia. Bwawa libaki, lakini lisibaki lilivyo. Magunia, wavu na nepia vitoke masika yasijaanza. Usawa wa maji ushushwe, na ushushwe polepole kwa mabomba, si kwa kukata tuta kwa majembe kama vijana fulani walivyotaka kwenda kufanya jioni ileile. Ukikata tuta lenye maji kwa jembe, umejitengenezea Solai yako mchana kweupe. Mashimo yazibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na mhandisi aje aseme kama tuta linafaa. Akisema halifai, mimi wa kwanza nitakubali likatwe hadi chini, na mama yule tumtafutie kisima kirefu kabla ya kuligusa.

Ugumu ninaoukiri uko mahali pawili. Wa kwanza ni pesa. Wanaokunywa maji yale wako juu na pembeni, wanaotishiwa wako chini, na wengi wa chini wana maji ya mfereji. Mwenye kunufaika si mwenye hatari. Barazani watu wa juu walisema watu wa chini ndio wachange kwa kuwa ndio wanaoogopa. Hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Anayekunywa ndiye alipe ulinzi wa jirani yake, hata kama ni shilingi 5 kwa mtungi.

Wa pili ni jina. Mtu wa ofisi inayohusika na vibali alituuliza: mwombaji ni nani? Tukaangaliana. Kampuni ya ardhi ilishavunjwa. Hakuna aliye tayari kuandika jina lake mbele ya tuta linaloweza kuua, nami nikiri kwamba hata kalamu yangu ilibaki mfukoni. Wenye kamati za watumiaji maji zilizosajiliwa, hebu tuambieni: mliandikishaje bwawa la kurithi? Nani anashika dhamana, na akifa au akihama anapokelewa na nani? Na nyinyi mnaoona likaushwe tu, semeni pia mtaufanyia nini ukuta utakaobaki, na ng'ombe watakunywa wapi mwezi wa Februari.

Jumamosi saa moja asubuhi tunapanda kutoa magunia. Mfugaji mmoja ameshanitangazia kwamba tukiyatoa, Jumapili anayarudisha, na simlaumu, ana ng'ombe kumi na wanne. Nimemwomba apande nasi, aone shule ilipo akiwa amesimama juu ya tuta. Bado hajanijibu.