Mrejesho: CZ 550 au Winchester Model 70 kwa .375 H&H

Wakuu, niliomba ushauri kati ya bunduki mbili za kuwindia, CZ 550 Magnum na Winchester Model 70 Safari Express, zote za risasi kubwa ya .375 H&H, kwa ajili ya kuwinda nyati. Nimechukua CZ. Asanteni.

Kwa ukucha wa bolti (unaoshika kitako cha risasi) hakuna mshindi: zote zina ule mpana wa Mauser, unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Kilichoamua ni magazini yenyewe, CZ inabeba 5, Winchester 3. Pia CZ ina reli iliyochongwa juu ya chuma chake (sehemu inayobeba bolti), pete za darubini zinabana moja kwa moja, hakuna kitako cha skrubu cha kulegea.

Winchester inashinda kwenye sefu, yaani kile kifungio cha usalama. Ina nafasi tatu, na ile ya kati inakuruhusu kutoa risasi huku pini ya kugonga risasi imefungwa. CZ ina mbili tu.

Kwa kuwa CZ 550 haitengenezwi tena, utapata ya mkononi. Fungua mbao uangalie nyuma kabisa ya chuma: ufa mwembamba kwenye mbao pale maana yake chuma hakikai sawa kwenye bega lake (nundu ya chini inayopokea msukumo wa mlio), kila mlio kinarudi nyuma na kupasua mbao. Dawa ni epoksi nyuma ya bega, na kuacha nafasi ya kama milimita 1 mwisho wa mkia wa chuma.

Kifyatulio cha CZ ukikisukuma mbele kinajitega na kuwa chepesi mno. Kwa nyati, kiacheni kama kilivyo.