30% ya AGPO inafia kati ya LPO na malipo, acheni kutuhesabia tenda

Kila miezi sita ripoti ya AGPO, mpango wa serikali ya Kenya wa kuyatengea makundi maalum sehemu ya ununuzi wake, ni ngoma ileile: tenda kadhaa zimewaendea akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Nani amelipwa, na lini? Kimya. LPO, hati ya serikali ya kuagiza mzigo, si pesa, jamani!

Hesabu ya darasa la nne hii hapa. Mama ana LPO ya shilingi 1,000,000, bidhaa zinamgharimu 880,000, faida 120,000. Akikopa hizo 880,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi, kila mwezi zinamtoka 26,400. Mwezi wa tano riba imefika 132,000: faida imeliwa yote, na sasa mama ndiye anayeikopesha serikali. Na kungoja miezi mitano tu huku ni bahati.

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinasema 30% ya bajeti itengewe makundi haya. Kifungu hichohicho kinakataza kuanzisha ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zipo. Maafisa wamesoma nusu ya kwanza, basi. Tenda inatangazwa Aprili, LPO inatoka mwishoni mwa Mei, mzigo unashushwa wiki ya mwisho ya Juni. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa na bili yako inageuka deni la kungojea bajeti mpya, ambayo ina wenyewe tayari.

Kwa hivyo LPO ya Mei au Juni ikaguliwe kwa jicho kali. Imetoka kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, au imeandikwa kwa mkono? Ya mkono haijashika hata senti kwenye bajeti, msiagize mzigo. Mkishusha bidhaa msiondoke bila nakala ya hati ya mzigo iliyosainiwa na kugongwa muhuri, pamoja na S13, yaani vocha ya stoo ya kupokea bidhaa. Halafu ifuateni kamati ya ukaguzi na upokeaji mpaka itie saini, kwa sababu faili hulala hapo wiki nzima nzima huku mhasibu akiapa hajaona kitu. Ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya kodi, la sivyo mnawapa kisingizio cha bure. Kifungu cha 140 kinawaruhusu kudai riba malipo yakichelewa, lakini someni mkataba kabla ya kusaini: kuna wanaochomeka humo sentensi ya kuifuta.

Jingine: tenda imetengewa AGPO, halafu inadai dhamana ya benki ya kuombea tenda. Kifungu cha 61 kinasema fomu ya tamko inatosha. Mkiona hivyo mna siku 14 kufika Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya tenda, na ya 15 mlango umefungwa.

Kuhusu kampuni za kuazima majina ya wanawake, CR12, hati ya msajili inayotaja wamiliki wa kampuni, inaonyesha mama ana 70% lakini hajui hata nenosiri la akaunti. Sheria inataka malipo yaingie akaunti ambayo saini ya mama huyo ni ya lazima. Barua moja kwa benki ingewaumbua wote. Haiandikwi.

Ripoti ijayo iwe na safu tatu kwa kila kampuni: thamani ya LPO, tarehe ya S13, tarehe pesa ilipoingia benki.