Karibu darasa zima la S2 limeanguka mtihani wangu. Nifanyeje kabla ya Ijumaa?

Mwalimu_wa_Mpakani: Habari zenu wanajamvi. Nafundisha Kiswahili S1 na S2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, upande wa Busia yetu ya Uganda, mpakani na Kenya. Mtihani wa mwisho wa muhula, wanafunzi 58, waliofika nusu ni 9 tu. Hawa watoto si wavivu, darasani wananijibu vizuri. Ijumaa wazazi wanakuja kuchukua ripoti, na mkuu wa taaluma anataka alama kesho jioni. Je, niwaongeze wote alama au nirudie mtihani? Sijalala siku mbili.

Nyabo_Arua: Pole sana mwalimu. Wape mtihani mwingine, mfupi.

Kalamu_Nyekundu: Usiongeze hata moja. Watoto hawa wakifika S4, asilimia 20 ya alama zao za UCE, mtihani wa taifa wa S4, zitatoka kwa walimu wao. Ukiwazoesha alama za bure leo, unawatayarishia msiba.

Mzee_wa_Bombo: Mwanangu, usife moyo. Januari 2022 shule zilipofunguliwa, baada ya kufungwa tangu Machi 2020, niliingia darasani na somo langu la siku zote, insha ya barua. Nikaandika ubaoni, nikageuka: watoto arobaini wananitazama kama mgeni. Walikuwa wamepandishwa darasa bila kusoma. Mmoja alikuwa ameshazoea kuendesha boda boda, hata kalamu aliishika kwa shida. Nilifuta ubao, nikawaambia wanisimulie walikuwa wapi. Wiki mbili tulisimuliana tu, na barua zilitoka humo humo.

Nyabo_Arua: Mzee, hiyo imenigusa. Lakini mwalimu, mtihani ulitunga mwenyewe?

Mwalimu_wa_Mpakani: Mtihani ulikuwa mzuri, una sarufi, ufahamu na ushairi.

Nyabo_Arua: Sikuuliza kama ni mzuri.

Mwalimu_wa_Mpakani: Sawa. Nilikuwa mazishini kwetu siku nne. Nimerudi usiku, mtihani ni asubuhi. Nilivuka mpaka nikanunua karatasi iliyokwisha chapwa pamoja na mwongozo wake wa majibu. Walimu wengi hapa hununua mitihani, si mimi wa kwanza. Kuhusu alama, nimeshawaandikia wote 15 za nyongeza. Ni kwa kalamu ya risasi, zinafutika.

Kalamu_Nyekundu: Kumbe ulishaamua! Ulikuja kutafuta baraka tu. Na hizo 15 ni dhuluma: aliyejibu na aliyeacha wazi wanapata sawa.

Mwalimu_wa_Mpakani: Ningefanya nini? Mzazi ameuza mahindi alipe ada, aone mtoto ana 31? Nilitaka kuwaokoa.

Kijana_wa_Masaka: Jamani, mimi nahisi hii ni hadithi ya kutungwa. Mtu anayeandika Kiswahili safi namna hii atashindwaje kufundisha ngeli? Na shule gani ina wanafunzi 58 wa Kiswahili darasa moja? Kwetu walikuwa sita.

Nyabo_Arua: Kwenu ilikuwa zamani. Tangu mtaala mpya wa 2020, Kiswahili ni lazima S1 na S2. Darasa la 58 si ajabu hata kidogo.

Kijana_wa_Masaka: Basi atuandikie swali moja waliloshindwa. Mtu aliyesahihisha karatasi 58 hawezi kukosa.

Mwalimu_wa_Mpakani: Swali la 7. "Andika kwa wingi: Mti huu umeanguka. Taja ngeli ya nomino." Wengi waliandika "Miti hii imeanguka", ngeli M-MI. Mwongozo unasema U-I. Swali la 9, gari: waliandika JI-MA, mwongozo unasema LI-YA. Maswali ya ngeli yalikuwa kumi, kila moja alama 2.

Nyabo_Arua: Na yale ya KI-VI?

Mwalimu_wa_Mpakani: Walipata karibu wote.

Mzee_wa_Bombo: Mwanangu! Darasani uliwafundisha zipi?

Mwalimu_wa_Mpakani: M-WA, M-MI, JI-MA. Kama nilivyofundishwa mimi.

Mzee_wa_Bombo: Basi watoto wamejibu sawa. Ng'ambo ya mpaka ngeli hutajwa kwa upatanisho wa kitenzi: mti *u*meanguka, miti *i*meanguka. Wewe umewafundisha kwa viambishi vya nomino. KI-VI inafanana kotekote, ndiyo maana waliipata.

Mwalimu_wa_Mpakani: Nitasema ukweli wote. Nililiona hilo kwenye karatasi ya ishirini hivi. Nilikuwa nimechoka, macho yamevimba kwa kulia, nikaendelea kufuata mwongozo. Niliogopa kurudi nyuma.

Kijana_wa_Masaka: Naomba radhi ssebo. Na pole kwa msiba.

Kalamu_Nyekundu: Pole, mwalimu. Futa zile 15. Sahihisha upya maswali ya ngeli. Na ushairi, ulishawafundisha?

Mwalimu_wa_Mpakani: Bado. Swali lake lina alama 12.

Kalamu_Nyekundu: Liondoe, hesabu juu ya 88. Mweleze mkuu wa taaluma kwa maandishi, asubuhi, kabla hajakuuliza.

Nyabo_Arua: Na uwaambie watoto wenyewe. Yule aliyeandika M-MI akakuta mkwaju mwekundu wa kosa, ameshaanza kuamini kwamba hajui.

Mwalimu_wa_Mpakani: Saa saba usiku. Nimefika karatasi ya 33. Kuna msichana wa dawati la nyuma alikuwa na 38. Maswali saba ya ngeli nilimkosesha bure, sasa ana 52, na ushairi sijauondoa. Pembeni ya swali la 9 alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Mwalimu ulitufundisha hivi." Sikuyaona maneno hayo mara ya kwanza. Zimebaki 25.