Kuchangisha kupitia wosia na wakfu hapa Uganda: nianzie wapi?

Mdadisi_Mbale
Salaam ndugu zangu. Nina shahada ya biashara na ni msaidizi wa hesabu katika hospitali ya misheni huku Mbale. Tangu misaada ya Marekani ikatwe mwaka 2025, uongozi unataka mtu wa kushughulikia wafadhili binafsi, hasa wazee wanaosema "nikiondoka, kile kiwanja ni cha hospitali". Kazi nimepewa mimi, ila bila nyongeza ya mshahara: nitakula asilimia 10 ya kila ninacholeta. Je, malipo ya namna hiyo ni sawa? Nisomee nini? Na mzee akishatamka maneno hayo, nifanye nini?

Kalamu_Jinja
Hiyo asilimia 10 ikatae, ndugu. Maadili ya taaluma hii duniani kote yanakataza kamisheni, na sababu yake utaiona upesi. Zawadi ya wosia inaweza kuchukua miaka 15 kufika. Mtu anayelipwa kwa kinacholetwa atamsukuma mzee atoe leo, tena atoe kikubwa. Baadaye watoto wakienda mahakamani, swali la kwanza la wakili wao litakuwa: huyu afisa alipata shilingi ngapi? Ukijibu "sehemu ya kumi", kesi imeshaanza kuinama upande wao.

Omba mshahara, nauli na muda wa maongezi, na upimwe kwa kazi iliyo mikononi mwako: wazee waliotembelewa, barua za shukrani zilizotumwa kwa wakati, watu waliothibitisha kwa maandishi kwamba wameiweka hospitali kwenye wosia. Mwaka wa kwanza usiahidi fedha yoyote ya wosia kwenye bajeti.

Kuhusu masomo, usikimbilie kozi za Marekani za utoaji uliopangwa, yaani kupanga zawadi za wosia na mali. Sehemu kubwa ya kozi hizo ni mbinu za kuikinga mali dhidi ya kodi ya urithi, na Uganda kodi hiyo haipo. Kule pia hufundisha mikataba ya kumlipa mtoaji posho hadi kufa. Hapa ukiahidi hivyo umeingia kwenye biashara ya bima bila leseni. Soma kwanza Sheria ya Mirathi pamoja na marekebisho yake ya 2022, kisha Sheria ya Ardhi ya 1998. Cheti cha CFRE, cha kimataifa cha wachangishaji fedha, kinaheshimika, lakini kinadai miezi 36 ya kazi ndani ya miaka 5, kwa hiyo hicho ni cha baadaye. Na ukitafuta ajira kwingine, usitafute neno "wosia" kwenye matangazo. Nafasi hizi huitwa afisa wa rasilimali au afisa wa mahusiano ya wahitimu, na ziko vyuoni, hospitali za makanisa na shule kongwe.

Dawati_la_Hati
Nijibu hilo la kiwanja, maana hapo ndipo zawadi nyingi hufia.

Anza na jina. Hospitali nyingi za misheni si mtu kisheria. Mali yake inashikwa na wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi. Mzee akiandika "naachia hospitali ya misheni", amewapa ndugu zake mlango wa kubishana. Chukua cheti cha usajili, nakili jina herufi kwa herufi, na umpe wakili wa mzee sentensi ya namna hii: "Nawapa Wadhamini Waliosajiliwa wa Dayosisi ya ... asilimia 10 ya mali yangu itakayobaki baada ya madeni na gharama, itumike kwa ajili ya hospitali ya ..." Asilimia ya kinachobaki ni bora kuliko kiasi maalumu. Shilingi milioni 5 zilizoandikwa leo, baada ya miaka 20 zitakuwa zimeliwa na kupanda kwa bei.

Wosia uwe wa maandishi, mzee asaini mbele ya mashahidi wawili, nao wasaini mbele yake. Shahidi anayerithi kitu anapoteza alichoachiwa, na mke au mume wake vilevile. Wewe usiwe shahidi, usiandike wosia, wala usimchagulie mzee wakili. Kama hajui kusoma, aliyeandika kwa niaba yake lazima aweke jina lake kamili na anwani, na ionekane kwamba alisomewa akaelewa.

Halafu familia. Nyumba wanamoishi mke au mume na watoto inalindwa na sheria, na wategemezi walioachwa bila kitu wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu. Kwa hiyo wosia unaosema "vyote kwa hospitali" ni wa kurudisha. Mwambie mzee awapangie watu wake kwanza. Akikubali kuwaeleza watoto wakubwa akiwa hai, hata kwa kikao kimoja, umepunguza nusu ya matatizo.

Sasa ardhi yenyewe. Usikubali kwa mdomo, usikubali kwa fotokopi. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda, kisha usome ukurasa wa vizuizi kwenye hati: rehani ya benki na pingamizi huandikwa pale, mstari kwa mstari, na tarehe. Mlete mpimaji afungue mipaka, yaani athibitishe ilipo. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) uulize nani anaishi pale. Kama ni mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu iliyoenea hasa Buganda, huenda kuna wenye vibanja, watu wanaokaa au kulima juu ya ardhi ya mwenye hati. Hao wana haki zao, na hospitali itakuwa imerithi wapangaji na migogoro badala ya uwanja mtupu. Kwenu Mbale utakutana zaidi na ardhi ya kimila isiyo na hati. Hapo ukoo na majirani wa mpaka ndio ushahidi wako, basi waandikwe mapema.

Mdadisi_Mbale
Asante sana, wakubwa. Na mzee anayetaka kutoa sasa hivi, akiwa hai? Pia tunao wafadhili Waislamu.

Dawati_la_Hati
Akiwa hai, kama familia inaishi au inalima pale, ridhaa ya mwenzi wake ni ya lazima na iwe ya maandishi. Bila hiyo uhamisho ni batili. Mkumbushe pia kwamba ushuru wa stempu upo hata kwenye zawadi. Mkubaliane nani analipa kabla ya kwenda kwa wakili.

Mwalimu_Arua
Kwa Waislamu, dada au ndugu, zungumza lugha ya wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi; faida yake ndiyo hutumika, kwa mfano kodi ya vibanda vitatu vya duka. Kama ni wosia, Uislamu unaweka kikomo cha theluthi moja kwa wasio warithi. Mkataba utaje msimamizi na atakayemrithi, maana wakfu nyingi hupotea msimamizi anapofariki. Na kama hospitali inafikiri kukiuza kiwanja baadaye, imwambie mtoaji kabla hajatamka nia ya wakfu.

Kalamu_Jinja
Wiki hii fungua daftari la risiti za miaka 5 iliyopita. Tafuta waliotoa kila mwaka, hata shilingi 20,000. Uaminifu wa miaka mingi ni dalili bora ya zawadi ya wosia kuliko hundi moja nono. Hao ndio wa kutembelewa kwanza. Majina yao na habari za afya zao ni data binafsi chini ya sheria ya kulinda data ya 2019: omba ridhaa, funga faili, usiziweke kwenye WhatsApp ya idara.

Michango midogo ipokelewe kwenye akaunti ya pesa za simu, MoMo ya MTN au Airtel, yenye jina la taasisi, kamwe si namba yako. Ukizitoa taslimu kwenye akaunti hiyo unakatwa ushuru wa asilimia 0.5, yaani shilingi 5,000 kwa kila milioni, mbali na ada ya mtandao. Zihamishe moja kwa moja benki kama mkataba wenu unaruhusu. Kwa wafanyabiashara, uliza kama wadhamini wenu wana barua ya msamaha wa kodi kutoka URA, mamlaka ya mapato. Wakiwa nayo, mtoaji anaweza kupunguziwa kodi kwa zawadi isiyozidi asilimia 5 ya kipato chake kinachotozwa, na risiti yako lazima ionyeshe jina lake, tarehe na thamani. Barua hiyo ikiwa imeisha muda, anza nayo kabla ya kumfikia mfanyabiashara yeyote.